Mama Aliyepanda Mlimani Peke Yake

Neno letu la mwezi huu limo katika Injili ya Marko, mlango wa 6, tangu mstari wa 30 hata wa 32, tena mstari wa 46. Twawasihi mfungue Biblia zenu mkayasome wenyewe kabla ya kuendelea, maana hapa tutayasimulia tu. Mitume wamerudi kutoka safari yao ya kuhubiri, nao wana mengi ya kumweleza Bwana. Lakini watu waingia na kutoka, hata mitume hawapati nafasi ya kula chakula. Ndipo Bwana awaagizapo waende kando, mahali pasipo watu, wapate kupumzika muda kidogo. Wakaingia chomboni. Yaliyofuata mwayajua: makutano waliwatangulia kwa miguu, na raha ya mitume ikawa ndefu kama kuvuka ziwa, si zaidi. Na jioni ile ile, watu elfu tano walipokwisha kula, Bwana mwenyewe aliwaaga wote, akapanda mlimani peke yake kuomba.

Walimu wengi, na sisi miongoni mwao, tumeyahubiri maneno haya mara nyingi, nasi tumeyapita mbio ili tuifikie ile mikate mitano na samaki wawili. Tumeufanya mstari wa kupumzika kuwa kama kizingiti, ambacho mtu hukiruka apate kuingia nyumbani. Basi tumeketishwa juu ya kizingiti hicho na mama mmoja wa Amerika, nasi twataka kuwasimulieni habari zake. Ruhusa ametupa, ila ametuomba tusilitaje jina lake.

Mwaka 2023 tulikuwa wageni wa Wakristo wenzetu katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, nchi ya Marekani. Siku moja baada ya ibada tulialikwa chakula nyumbani kwa mama huyu. Yeye ni wa watu Weusi wa nchi ile, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Ni mwuguzi hospitalini, umri wake umepita miaka hamsini, mumewe amefariki. Amtunza mama yake mzee, ambaye amekwisha kusahau majina ya watoto wake. Ni mwimbaji wa kwaya, tena ni mmoja wa wale ambao katika kila usharika hushika funguo za jiko. Hao mwawajua. Pakiwa na harusi, wapo. Pakiwa na msiba, wamekwisha kuwasha moto kabla mchungaji hajafika. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020 na 2021, alifanya kazi usiku na mchana, akaona watu wakifa pasipo ndugu wa kuwashika mkono, na alipotoka kazini alikwenda nyumbani kupika.

Akatuambia, "Mchungaji, siku moja nilisimama mbele ya mlango wa nyumba yangu, ufunguo mkononi, nikashindwa kufungua. Sikuwa na homa. Sikuwa na maumivu. Nilisimama tu, hata jirani akanikuta."

Baada ya hayo aliweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mwezi wa Januari akamwomba dada yake akae na mama yao siku nne. Akafunga mzigo, akapanda gari la abiria, akaenda Breckenridge, mji ulio juu ya milima, katikati ya majira ya baridi.

Sisi tuliozaliwa chini ya Kibo twaiona theluji tangu utoto, lakini twaiona kama mtu amwonavyo bibi arusi wa ukoo mwingine, kwa mbali. Huko watu hukaa ndani yake. Njia ya kutoka Denver ni kama kilomita 130, nayo hupenya tumboni mwa mlima kwa shimo lenye urefu wa kilomita mbili na nusu na zaidi, lililofunguliwa mwaka 1973, kwenye kimo cha mita 3,400. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 2,900 hivi, yaani juu kidogo kuliko kibanda cha Mandara katika njia ya Marangu. Ulianzishwa na wachimba dhahabu mwaka 1859. Na tangu Desemba ya mwaka 1961 wageni huuendea kwa ajili ya mchezo wa theluji. Huvaa miguuni mbao mbili nyembamba ziitwazo skii, hupandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia katika kamba ya chuma, kisha huteremka mbio. Twakiri kwamba tulipoonyeshwa picha tulisema moyoni kwamba watu hawa wamekosa shamba la kulima.

Tukamwuliza, "Mama, ulifuatana na nani?"

Akajibu, "Na mimi mwenyewe. Tulikuwa hatujaonana siku nyingi."

Neno hili halikutupendeza. Mwanamke peke yake, katika mji wa raha, kwa fedha ambazo zingaliweza kuwafaa maskini: ndivyo tulivyowaza, na msomaji aliyewaza vivyo hivyo asijifiche. Lakini maneno hayo ya fedha na maskini yalikwisha kusemwa zamani juu ya mwanamke mwingine, yule wa marhamu, katika mlango wa 14 wa Injili hii hii. Na mwamjua aliyemtetea.

Basi tukamwacha aseme. Siku ya kwanza kichwa kilimwuma, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Wenyeji wakamwambia anywe maji mengi na kwenda polepole, sawasawa na wapagazi wetu wanavyowaonya wageni wa Kilimanjaro. Akalala toka saa mbili ya usiku hata saa tano ya mchana. Alipoamka theluji mpya ilikuwa imeanguka. Akafungua dirisha, wala hakusikia kitu. Theluji iliyoanguka sasa hivi ina nafasi nyingi za hewa kati ya chembe zake, nayo huimeza sauti. Kwa miaka mitatu masikio yake yalikuwa yamejaa mlio wa vyombo vya hospitali, hata usingizini. "Nikaketi kitandani," alisema, "nikalia mpaka mchana ukapita. Hapana aliyeniita. Hapana aliyetaka chai. Kisha nikaomba, nami nilikuwa sijaomba kwa muda mrefu, ila kwa ajili ya watu wengine."

Siku ya pili alikodi mbao zile, akaenda katika mteremko wa wanafunzi, pamoja na watoto wa miaka mitano. Mwalimu huwafundisha kwanza namna ya kusimama, kwa kuzikutanisha ncha za mbao mbele na kuvitanua visigino nyuma. Anayetaka mbio kabla ya kujua kusimama hufundishwa na mti. Akaanguka mara nyingi. Mtoto mmoja alimpita, akageuka, akampa shauri jinsi ya kuinuka. Akacheka hata akashindwa kuinuka. Alituambia kwamba tangu kumzika mumewe alikuwa hajacheka namna ile.

Lakini msidhani kwamba yote yalikuwa meupe kama theluji. Katika siku nne alihesabu watu Weusi watano mjini, naye mwenyewe akiwa wa tano. Asubuhi moja, alipokuwa akila, mgeni mmoja alimletea sahani yake chafu, akimdhania kuwa mtumishi. Alitaka kuipokea. Mikono yake, asema, ilikuwa imekwisha kunyoshwa. Ndipo akairudisha mapajani, akasema kwa upole, "Mimi nami ni mgeni hapa." Yule mtu akawa mwekundu, akaenda zake. Sisi twaona kwamba mahubiri yetu mengi hayana uzito wa maneno yale manne au matano.

Maana mjue ya kuwa katika nchi ile, kupumzika kwa mtu Mweusi lilikuwa neno la kugombaniwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Lakini mabibi wa mama huyu, kama maelfu ya wenzao, walifua na kupika katika nyumba za wengine mchana, na usiku wakafua na kupika katika nyumba zao. Serikali ilipotoa sheria mwaka 1938 ya kuweka kima cha mshahara na mpaka wa saa za kazi, watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashamba waliachwa nje, na hizo ndizo kazi walizofanya wanawake Weusi wengi. Watumishi wa nyumbani waliingizwa mwaka 1974. Na aliyepata fedha za kusafiri alikuwa hajui atalala wapi, kwa kuwa kabla ya sheria ya mwaka 1964 nyumba nyingi za wageni ziliwafungia milango. Mchukuzi wa barua mmoja wa New York, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha watu Weusi nyumba zitakazowapokea, nacho kilitoka kwa muda wa miaka thelathini hivi. Katika Colorado kwenyewe, mwaka 1922, palianzishwa Lincoln Hills, mahali pa milimani ambapo watu Weusi wa Denver na wa mbali waliweza kununua viwanja na kujenga vibanda vya kupumzikia. Na hapo wasichana Weusi walikuwa na kambi yao iitwayo Nizhoni, kwa sababu katika kambi za wengine hawakupokelewa sawasawa. Na mchezo wenyewe wa theluji: mwaka 1973 vyama kumi na vitatu vya watu Weusi wachezao mchezo huo vilikutana mara ya kwanza katika mji wa Aspen, vikiitwa na Ben Finley na Arthur Clay. Ndio mwanzo wa umoja uitwao National Brotherhood of Skiers. Mwaka 2023, mwezi mmoja tu baada ya safari ya mama yetu, walikutana Vail kuikumbuka miaka hamsini. Yeye hakujua. Alipata habari zao baadaye, akasikitika kwamba hakuwangoja. Kisha akasema la, maana angalikwenda nao angalipika.

Siku ya tatu aliitazama nyumba moja ya zamani katikati ya mji. Ilijengwa mwaka 1882 kwa ajili ya Barney Ford. Huyu alizaliwa mtumwa katika Virginia mwaka 1822, akatoroka, akafika Colorado mwaka 1860 pamoja na watafuta dhahabu. Alichimba karibu na Breckenridge hiyo hiyo, lakini akanyang'anywa machimbo yake, akafukuzwa. Kilima alichochimba kilibaki miaka mingi kikiitwa kwa tusi la rangi yake, hata mwaka 1964 kikapewa jina lake mwenyewe. Alikwenda Denver, akanyoa watu, akafungua nyumba ya chakula. Moto mkubwa wa mwaka 1863 ukaiteketeza, akajenga nyingine. Akajitahidi sana watu Weusi wapate haki ya kupiga kura kabla Colorado haijapokewa kuwa jimbo mwaka 1876. Kisha akarudi Breckenridge, mji uliomfukuza, akafungua nyumba ya chakula na kujenga nyumba hii. Waitunzao wasimulia kwamba haikujengewa jiko, kwa kuwa jamaa yake walikula katika mkahawa wao. Mama yetu alipofika hapo katika maneno yake alipiga meza kwa kiganja. "Mchungaji, fikiri! Mke wa mtu aliyekuwa mtumwa, katika nyumba isiyo na jiko!"

Usiku ule hatukulala upesi. Tulifungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5. Katika Kutoka, mlango wa 20, siku ya kupumzika yaamriwa kwa sababu Mungu alipumzika baada ya kuumba. Lakini hapa Musa atoa sababu nyingine: Israeli wakumbuke ya kuwa walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Kwa hiyo kupumzika ni alama ya mtu aliyewekwa huru. Mtumwa hupumzishwa na bwana wake akipenda. Mtoto wa nyumbani hupumzika kwa kuwa nyumba ni ya Baba yake. Tena tazameni orodha ya watakaopumzika: wewe, na mwana wako, na binti yako, na mtumwa wako, na mjakazi wako, na ng'ombe, na punda, na mgeni. Mke hatajwi. Tulimwona punda, mke hatukumwona. Wenye elimu husema kwamba yumo katika lile neno "wewe", na sisi twasadiki hivyo. Aambiwapo mume, ameambiwa na mke, wala amri haina wawili hapo. Lakini twende katika nyumba zetu Jumapili tukatazame kama tumesoma hivyo. Baba ameketi barazani na kitabu cha nyimbo. Ng'ombe yumo zizini. Ni nani aliyeinama juu ya mafiga?

Hapa tuna neno la kukiri. Katika usharika tuliowahi kuutumikia alikuwako mama mmoja ambaye tulimsifu mara nyingi mbele ya watu. Tulisema, huyu hajui kuchoka. Tulilisema akiwapo, naye aliinamisha kichwa kwa haya, na juma lililofuata akafanya kazi zaidi. Kabla ya sikukuu ya mavuno alikuja kwetu akasema kwamba kifua chambana, naye ataka mtu mwingine ashike zamu. Tukamjibu kwa wema, wala tulikuwa hatuna ubaya, "Mama, bila wewe mambo hayaendi." Akaenda. Sikukuu ilikuwa nzuri. Siku ya tatu yake tulimzika. Na katika mahubiri ya maziko, wapendwa, tulimsifu tena kwamba hakujua kuchoka. Na watu wote wakaitikia.

Hatujui kama angaliishi kwa kupumzika. Hilo ni la Mungu. Lakini twajua tulichomjibu.

Sisi Walutheri twajivuna kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo. Twawafundisha hayo watoto wa kipaimara, nao hukariri bila kosa. Kisha twamwendea mama aliyechoka, twamtandika mzigo wa matendo mgongoni na kuufunga kwa kamba ya sifa. Aliyeambiwa kila siku kwamba bila yeye mambo hayaendi, ataaminije kwamba Mungu ampenda hata akiwa amelala? Mwalimu Luther mwenyewe, aliporudi Wittenberg mwezi wa Machi mwaka 1522, aliwaambia watu kwamba yeye alihubiri na kuandika tu, na alipolala au alipokunywa pombe pamoja na rafiki zake, Neno lilifanya kazi lenyewe. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, katika Amri ya Tatu, kabla hajanena habari ya kusikia mahubiri, alisema wazi kwamba siku hii yahitajiwa na mwili pia, kwa ajili ya watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima, wapate kupumzika na kuburudika. Walimu wa dini wayatafute maneno hayo, yamo. Katekisimo Ndogo, tuishikayo kwa moyo, haikuyataja, na labda ndiyo sababu tumeyasahau.

Mwingine atasema: mama huyo ana mshahara wa Amerika, lakini mama zetu watapata wapi nauli ya kwenda kuchezea theluji? Ni kweli, nao mchezo ule ni wa gharama kubwa hata kwa wenyeji. Yeye mwenyewe hakurudi mwaka uliofuata. Lakini mitume hawakupelekwa mbali. Walipewa chombo cha wavuvi na muda wa kuvuka. Kilicho kigumu katika habari hii si nauli. Kilicho kigumu ni yule dada aliyekubali kukaa na mama yao siku nne. Kama hakuna wa kubaki, hakuna wa kwenda. Na katika nyumba zetu wa kubaki yuko, ila ameketi barazani.

Wala hatusemi kwamba aliponywa yote. Aliporudi mama yake hakumjua, akamwuliza ni binti wa nani. Katika kwaya walikuwako walionung'unika kwamba aliwaacha juma la mazoezi. Alirudi kwenye zamu zake za usiku. Ila alimpa mwingine funguo moja kati ya mbili za jiko la kanisa, na hiyo nyingine, alituambia, bado anasali juu yake.

Tuliporudi nyumbani tulimwuliza mwenzetu wa nyumbani kama angependa kupumzika siku kadha mahali. Alitutazama muda mrefu, akasema, "Baba, huko Amerika ulikula nini?" Hata hivyo mwezi wa pili alikwenda kwa dada yake huko Siha, akakaa siku nne. Siku ya kwanza wali wetu uliungua, siku ya pili tulikula ndizi za kuchoma, na siku ya tatu watoto walihamia kwa jirani. Aliporudi alikuwa na nuru usoni, tena alikuwa na maneno machache juu ya hali ya sufuria zake.

Baraza la wazee wa usharika wetu limekwisha kukutana kwa ajili ya sikukuu ya mavuno ijayo. Imekubaliwa kwamba kuni zitapasuliwa, maji yatatekwa na vyombo vitaoshwa na wanaume, na akina mama waliopika mwaka jana wataketi kanisani toka mwanzo wa ibada hata baraka. Mzee mmoja bado amekataa, akisema kwamba jambo hili halikuwako tangu siku za wamisionari wa kwanza. Tutakwenda kwake tena Alhamisi.